Barua ya wazi kwa viongozi wa Mtwara na Lindi: tunaouguza wagonjwa wa akili tupeni mahali pa kukutana

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi,
Waganga Wakuu wa Mikoa na wa Wilaya,
Wakurugenzi wa Halmashauri pamoja na Waheshimiwa Madiwani.

YAH: VIKUNDI VYA FAMILIA ZINAZOUGUZA WAGONJWA WA AKILI

Tafadhali rejeeni mada tajwa hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Wilaya ya Newala, na ni dada wa mtu anayeishi na ugonjwa ambao wataalamu wanauita skizofrenia. Mdogo wangu alianza kuugua mwaka 2006, akiwa na umri wa miaka 22. Jina lake sitaliandika, kwa sababu hakuniruhusu. Habari zake ameniruhusu, na barua hii nimemsomea yote kabla ya kuituma. Ninaloliomba ni moja tu: kwamba katika kila kituo kinachotoa huduma ya afya ya akili katika mikoa yetu miwili, familia zinazouguza zipewe mahali na siku ya kukutana, wachache miongoni mwao wafundishwe kuwaongoza wenzao, na jambo hilo liandikwe kwenye mipango na bajeti za halmashauri. Kwangu mimi msaada huo ulikuja kwa bahati, na bahati hiyo ilichelewa miaka miwili.

Naomba niwaeleze jinsi miaka hiyo miwili ilivyopita. Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho, na mdogo wangu ndiye aliyekuwa akibeba mashine. Akaanza kusema kwamba ndani ya mlio wa mashine kuna watu wanamsema. Tulicheka, tukamwambia apumzike. Siku chache baadaye mashine ilikuwa imezimwa, imewekwa ukutani, na watu wale bado walikuwa wanamsema. Aliacha kulala, akaacha kula chakula alichopika mama, na usiku mmoja alitoka akaenda kukaa katikati ya barabara ili, kama alivyosema, wanaomsema wapite mbele yake awaone.

Kwa desturi yetu Wamakonde, jambo la ukoo halina mwisho mpaka mjomba aseme, na mjomba alisema ni majini. Simlaumu, kwa maana hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa na neno jingine la kumpa. Tulimpeleka kwa mganga wa kwanza, kisha wa pili ng'ambo ya Masasi, na ili kupata nauli na ada ya waganga mama aliuza korosho kwa kangomba, yaani kwa bei ya kutupa kabla ya mavuno, zikiwa bado maua mtini. Msimu ulipofika, mavuno yalikuwa ya watu. Mdogo wangu aliporudi alikuwa amekonda na ugonjwa ulikuwa palepale, na ndipo tulipomfunga. Tulitumia kamba ya katani, mguu wa kushoto, kwenye nguzo ya banda la nyuma. Nilikuwa mwalimu kwa wakati ule, nikitoka asubuhi kwenda kuwafundisha watoto wa watu uraia, nami ndiye niliyekuwa nikikagua fundo jioni. Alama ya kamba ile bado iko kwenye kifundo cha mguu wake, na kila anapovaa kandambili ninaiona.

Mwaka 2008 tulifika kliniki. Muuguzi alikuwa mmoja na foleni ilikuwa imefika nje. Alituandikia vidonge na sindano ya kila mwezi, akasema turudi baada ya wiki nne, akaita jina linalofuata. Hakuna aliyetwambia ugonjwa unaitwaje, unatibika kwa kiasi gani, dawa itamfanya nini, wala sisi tunatakiwa tufanye nini nyumbani. Baada ya wiki moja shingo ya mdogo wangu ilikakamaa, mikono ikawa inatetemeka na udenda ukawa unamtoka. Majirani walisema dawa za hospitali zinammaliza, na nyumbani tulianza kuamini. Tulikubaliana turudi mara moja tu, kwa heshima, kisha tuziache.

Siku hiyo ya kurudi, kwenye benchi la saruji chini ya mwembe, alikaa karibu yangu mama mmoja kutoka kijiji cha mbali, amebeba daftari la kliniki lililofunikwa kwa karatasi ya kalenda. Alimtazama mdogo wangu kwa muda, akachukua ncha ya khanga yake, akamfuta udenda kama anayemfuta mwanawe, kisha akanigeukia akasema: "Wangu naye alianza hivi. Usiache dawa. Ukiingia ndani, mwambie tabibu habari ya shingo, kuna kidonge kingine cha kuilegeza." Niliingia, nikasema, kidonge kikatolewa, na baada ya siku chache shingo ikalegea. Kwa sentensi hizo tatu mdogo wangu alibaki kwenye matibabu, na mpaka leo yupo.

Tulikutana tena mwezi uliofuata, na uliofuata, mpaka ikawa tunapanga kufika mapema ili tupate kuzungumza. Ni yeye aliyenifundisha kwamba usingizi ndio wa kuangalia kuliko kitu kingine chochote, kwa maana mgonjwa akikosa kulala siku mbili mfululizo usisubiri ya tatu, mpeleke kituoni. Ni yeye aliyeniambia nisibishane na sauti anazozisikia wala nisijifanye nazisikia, bali nimwambie, "Mimi sizisikii, lakini naona zinakusumbua." Panga na shoka tuliviweka kwa jirani. Kidonge tulikitoa kwa uwazi, kwenye kiganja, baada ya uji wa jioni, wala hatukukificha tena ndani ya chakula, kwa sababu mtu anayeamini kwamba anawekewa sumu akikuta kidonge ndani ya ugali ameshapata ushahidi wake. Habari ya kamba nilikaa nayo miezi minne kabla ya kumwambia. Nilipomwambia hakushtuka wala hakunihukumu. Alisema, "Sisi tulimfungua tulipoanza kulala kwa zamu." Jioni ile tuligawana zamu mimi, mama na kaka yetu mkubwa, na kamba tukaikata.

Waheshimiwa, lau neno lile la kamba lingetoka kwa daktari, kwa polisi au kwa mtendaji wa kijiji, ningelificha zaidi. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na ninyi wenyeji wa kusini mnajua kwamba mwali hafundwi na mtu ambaye hakuchezwa. Kungwi anasikilizwa kwa sababu amepita palepale anapopita mwali. Kuuguza ugonjwa wa akili nako kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyatamka mbele ya asiyeyajua: kwamba unamwogopa mwanao wa kumzaa, kwamba umewahi kuomba Mungu amchukue apumzike na wewe upumzike, kwamba amekupiga na umesema umeanguka kisimani. Kuna familia ambayo mtoto wao amejaribu kujiua, na kwa kuwa Kanuni ya Adhabu inalihesabu jaribio hilo kuwa kosa, wanamtibu kimyakimya nyumbani wakati ambapo angepaswa kuwa hospitali. Mambo haya hayaandikwi kwenye daftari la kliniki. Husemwa benchini, kama benchi lipo na kama anayekaa upande wa pili ni wa aina yako.

Haya ninayoyasema kwa uzoefu wangu yamechunguzwa na wenye elimu kuliko mimi. Huko Uingereza, kuanzia miaka ya 1950, mtafiti George Brown na wenzake waliwafuatilia wagonjwa waliotoka hospitali London, wakaona kwamba waliorudi kwenye nyumba zenye lawama, ukali au kuhangaikiwa kupita kiasi waliugua tena mara nyingi zaidi kuliko wengine. Nalitaja hili kwa tahadhari, kwa sababu lisipoelezwa vizuri hugeuka fimbo ya kuwachapia wazazi kana kwamba wao ndio walioleta ugonjwa, na si wao. Maana yake ni kwamba familia iliyochoka, isiyolala, isiyojua inapambana na nini, itafoka. Na tafiti zilizofuata katika nchi nyingi zimeonyesha kwamba familia ikifundishwa ugonjwa na namna ya kuishi nao, mgonjwa harudi kuugua mara kwa mara kama zamani. Nchini Marekani familia zilikutana Madison, Wisconsin, mwaka 1979, zikaanzisha chama ambacho leo kinaitwa National Alliance on Mental Illness, na katika kozi yao ya familia anayefundisha ni ndugu wa mgonjwa aliyefunzwa, wala hatozwi ada anayejifunza. Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani Harare kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye msongo, ambao kwa Kishona husema wana kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Na hapahapa kwetu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili pamoja na wenzao wa Marekani waliwakutanisha wagonjwa na ndugu zao kwenye vikao vya pamoja Dar es Salaam na Mbeya, katika mpango walioupa jina la Kuwezeshana Kupata Uzima, kwa kifupi KUPAA. Kwa hiyo hata Kiswahili cha kufundishia kipo tayari. Hatuna haja ya kuanza kutafsiri.

Wala nchi yetu si mgeni wa njia hii. Tulipopigwa na UKIMWI, waliotuvusha pamoja na dawa walikuwa WAVIU washauri, watu wanaoishi na virusi waliokaa kliniki wakawaambia wapya, "Hata mimi nilidhani nimekufa," na mitandao ya vikundi vyao, iitwayo konga, ikafika mpaka vijijini. Wazazi wa watoto wenye kichwa kikubwa na mgongo wazi nao wamejiunga, wanafundishana. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini sisi tumebaki nje, na jibu ninalolipata ni aibu. Mtu akisema mtoto wake ana kisukari hupewa pole, akisema ana ugonjwa wa akili huulizwa ukoo wao ulifanya nini. Katika mazungumzo yetu ya kila siku bado tunamtania mtu kwa kumwambia aende Mirembe, na hospitali ile ya Dodoma inayotibu watu imekuwa tusi. Hapo ndipo familia inapojifungia ndani, na mficha maradhi, kama tujuavyo, kilio humfichua.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba karibu mtu 1 kati ya 300 duniani ana skizofrenia. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu zaidi ya 1,600,000 mkoani Mtwara na karibu 1,200,000 mkoani Lindi. Kama uwiano huo ndio wetu, basi watu wenye ugonjwa huu mmoja tu katika mikoa hii wanazidi 9,000, bila kuhesabu wenye sonona, wenye ugonjwa wa hisia mseto, wala wenye kifafa ambao wengi wao hutibiwa kliniki hiyohiyo. Kila mmoja ana mama, dada, mke au mtoto anayehesabu vidonge.

Sasa naomba niseme kwa undani ninachokiona kinawezekana. Siku ya kliniki ya akili tayari ipo na watu tayari wanakuja, wengine wakiwa wamelala njiani. Wakati mgonjwa anasubiri kuitwa, ndugu yake anakaa saa tatu au nne bila kazi. Saa moja kati ya hizo ndiyo ninayoiomba, na chumba, au hata kivuli chenye mabenchi yaliyopangwa duara mbali kidogo na foleni. Muuguzi aanze kwa dakika chache kueleza jambo moja, kwa mfano dawa ya sindano inafanya nini mwilini, kisha atoke, kwa sababu kuna yasiyosemwa mbele ya aliyevaa sare. Waongozaji wawe ndugu wawili, waliouguza kwa miaka kadhaa na ambao wenzao wamewakubali, wafundishwe kwa siku chache namna ya kusikiliza, namna ya kutunza siri, na hasa dalili zinazotaka mgonjwa apelekwe kituoni leo na si kesho. Wapewe nauli. Nalikazia hili la nauli, kwa kuwa mara nyingi kazi inayofanywa na wanawake huitwa ya kujitolea, na anayejitolea hatimaye hushindwa kupanda gari.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao serikali ilizindua mpango wao mwezi Januari 2024 kwa lengo la kuwa na wahudumu 137,294 nchi nzima, wangeweza kuwa ndio wanaoiunganisha nyumba mpya na kikundi. Mhudumu akikuta kijijini kijana amefungwa, pamoja na kutoa taarifa, amlete mama mmoja wa kikundi aende akae na mama mwenzake. Maafisa ustawi wa jamii wayalee makundi haya, na katika ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu, iangaliwe namna anayemuuguza mtu asiyeweza kufanya biashara mwenyewe atakavyofikiwa naye, maana umaskini wa nyumba hizi si wa kawaida; nimewaeleza habari ya kangomba.

Kuna wanaume. Kwenye benchi lile, kwa miaka yote, nimewaona akina baba wachache sana, na mjomba sijamwona hata mmoja, ilhali ndio wanaoamua mgonjwa aende hospitali au kwa mganga, na ndio wanaouza shamba. Hawatakuja kliniki wakiitwa tu. Wafuateni walipo: kwenye mikutano ya vyama vya msingi vya ushirika msimu wa korosho, ambako wanakaa siku nzima wakisubiri mnada, na kwenye nyumba za ibada. Mjomba wangu alibadilika siku mjomba wa kijana mwingine alipomwambia, mbele ya kahawa, kwamba naye alipoteza miaka mitatu kwa waganga. Waganga wenyewe nisingependa watukanwe. Familia nyingi zitapita kwao kwanza, tupende tusipende, na wapo wenye utu ambao wakielezwa watasema, "Huyu nendeni naye hospitali."

Najua wataalamu wengine wana hofu kwamba watu wasiosomea watapotoshana, na kwamba siri za wagonjwa zitasambaa sokoni. Hofu zote mbili ni za haki. Ya kwanza jibu lake ni mafunzo na muuguzi aliye karibu. Ya pili ni kubwa zaidi, hasa katika miji yetu midogo ambako kila mtu ana binamu kila mtaa, na sina jibu jepesi zaidi ya kwamba kila kikundi kijiwekee ahadi yake, kimtoe anayeivunja, na mgonjwa mwenyewe aulizwe akiwa ametulia kama anakubali kuzungumziwa. Mdogo wangu aliponikubalia aliniwekea mipaka miwili, nami naiheshimu. Ningependa pia wagonjwa waliopata nafuu wawe na vikundi vyao wenyewe, lakini hilo ni lao kulisemea.

Kikundi hakitachukua nafasi ya dawa. Magonjwa ya akili yamo kwenye orodha ya msamaha wa malipo, lakini msamaha haumsaidii mtu aliyeambiwa dirishani kwamba dawa imekwisha, akanunue duka la nje. Nimewahi kuambiwa hivyo mara nyingi, na kuna mwezi ambao sikuwa na fedha, na baada ya wiki tatu mdogo wangu alirudi barabarani. Mkitupa mahali pa kukutana bila dawa, tutakuwa tumekutana kulia. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inampa ndugu nafasi ya kuomba mgonjwa wake apokewe na atibiwe; tunaomba nafasi hiyo ianzie kabla ya siku ya kamba na pingu, na iendelee baada ya mgonjwa kuruhusiwa kurudi nyumbani.

Yule mama wa kalenda alifariki dunia miaka mitano iliyopita. Mwanawe anaendelea na dawa, siku hizi anasindikizwa na dada yake mdogo, ambaye mara ya kwanza alikaa mwisho wa benchi peke yake, ameinamisha kichwa, kama nilivyokuwa nimekaa mimi. Nilisogea.

Jumatano ya pili ya kila mwezi mimi na mdogo wangu tunafika kliniki saa moja asubuhi. Tukianza kikundi kesho, niko tayari kuwa mmoja wa wale wawili, na nimeshapata majina ya familia kumi na moja zilizokubali kuja.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu, dada wa mgonjwa
Newala, Mtwara